Vikombe Viwili vya Bwana Laurent

Bwana Laurent alimwamuru mume wangu apande mbio kutoka chini ya bahari kuiokoa kamera yake, akijua vyema mbio hizo zitamfanya nini. Tangu siku ile Okir hatembei.

Okir alikuwa akizamia kombe za lulu hapa Suakin. Bwana Laurent na wageni wenzake walipoishusha nyumba yao ya chuma chini ya bahari, walimchukua akae nao huko, awapikie na kusugua madirisha yaliyoota mwani. Aliipenda nyumba ile kuliko hii yangu. Siku ya kwanza walinipa simu pale melini mwao, juu ya nyumba ile, nizungumze naye. Hewa ya kule ilikuwa imemgeuza sauti, nyembamba kama ya kifaranga.

"Mama Hadal, ni mimi."

"Mimi sikuolewa na kifaranga. Nipe mume wangu!"

Alicheka mpaka wenzake wakacheka. "Basi niletee kahawa. Hawa wanakunywa maji ya kuoshea vyungu."

Nikawa naipika kwa tangawizi, naijaza chupa hadi mdomoni, bahari isipate pa kuibonyeza.

Wote walijua sharti: aliyelala kule hapandi ghafla. Hupandishwa polepole, damu izoee. Asubuhi moja Okir alikuwa nje akisugua dirisha, kamera ikakatika kamba, ikaelea juu. Bwana Laurent akamwita kwenye tundu la sakafuni wanapotokea.

"Ifuate!"

"Na damu yangu, Bwana?"

"Ukirudi upesi hutadhurika."

Hakurudi. Watu wa meli walimvuta akiwa ameikumbatia kamera. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, na haikuamka tena.

Bwana Laurent alikuja kumwona mara moja. Nilikaanga kahawa mbele yake. Kwetu mgeni hunywa vikombe vitatu. Anayeondoka kabla, neno lake na wenyeji halijaisha. Alikunywa cha kwanza, akakisifu. Nikamwuliza, "Angekuwa mwanao, ungemtuma?"

Akakiweka kikombe chini, akaenda zake.

"Kahawa yako kali, Mama Hadal," Okir akasema. "Imemfukuza mzungu."

Kila asubuhi namchukua mgongoni hadi majini. Humo miguu yake huelea, ananipita, anageuka na kuniita kwa sauti ya kifaranga. Nacheka. Kisha namrudisha nyumbani, mzito, akinidondoshea maji shingoni.

Bwana Laurent anadaiwa vikombe viwili, na jibu. Alitoe mbele ya Okir, akimtazama usoni.