Kaka wa Kwenye Karatasi

Fundi Makochi alikuwa hodari wa mambo mawili: kuvalisha kochi kuukuu kitambaa kipya, na kumsema kaka yake. Hata mdomo ukiwa umejaa misumari midogo, angekueleza jinsi mkubwa wake, wa tumbo moja, alivyokosa kuja kumzika mama yao. Miaka ilipita, kidonda hakikufunga.

Aliyechoka ni mkewe. "Baba watoto, hiyo hadithi naijua kuliko jina langu. Maktaba wanafundisha kuandika hadithi fupi kila Jumamosi. Nenda ukawachoshe na wenzangu."

Alisema kwa utani, mumewe akaenda kweli.

Mwalimu alikuwa mama mstaafu, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyomfanya kila mtu anyamaze ili amsikie. Akawafundisha msuko, wahusika, mandhari na dhamira. Taharuki, alisema, ni kumnyima msomaji maji huku anaisikia mvua. Fundi akanogewa. Akaandika habari ya ule msiba, akampaka kaka yake masizi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Siku ya kuisoma darasani alitarajia makofi.

"Mandhari nayaona," mwalimu alisema. "Turubai, viti vya kuazima, hata yule jirani anayelia kuliko wafiwa. Lakini huyu kaka ni mhusika bapa. Nikimgeuza ubavu, simwoni. Kwa nini hakuja?"

"Roho mbaya, mwalimu."

"Roho mbaya ni tusi, si sababu. Hebu isimulie upya, safari hii kwa macho yake."

Fundi alirudi nyumbani amenuna. Akashika kalamu, akaandika "Siku ile niliamka," akakwama hapo hapo. Kaka yake aliamka vipi? Alikula? Alilia? Kumbe mtu aliyemsema miaka yote hiyo hamjui!

Kesho yake alifunga karakana mapema, akaenda kwenye kiwanda cha mikate ambako kaka yake alikuwa mwokaji. Akamkuta ana unga hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza tu. Siku ile mbona hukuja?"

Kaka akafuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena.

"Unakumbuka akili ya mama ilivyoyumba mwishoni? Mimi alikuwa ananiita kwa jina la baba. Mwanzo nilimkatalia, akawa analia. Basi nikawa naitika. Ananigombeza kwa kuchelewa kurudi kazini, mara ananicheka, ananishika mkono. Sijapata kumwona na furaha kiasi kile. Siku ya maziko nilivaa, nikafunga viatu, nikabaki nimekaa kitandani. Nikajiuliza, naenda kule kama nani? Mtoto, au mume? Miguu ikagoma. Baadaye aibu nayo ikanifungia mlango."

"Sasa si ungeniambia, kaka!"

"Ulikuwa husikilizi, mdogo wangu. Ulikuwa unasema."

Fundi akacheka bila kutaka, na kicheko kikamgeukia kilio. Kaka akamvuta kifuani, unga wote ukahamia kwenye shati lake.

Hadithi ya pili aliiandika bila kukwama. Kabla ya kuipeleka darasani, alimwita kaka yake karakanani aisome. Kaka akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, springi zikamlilia, akasoma polepole huku midomo ikicheza.

"Hapa umeandika nina kitambi."

"Hayo ni mandhari, kaka."

"Mandhari katafute tumboni kwako!"

Mke wa fundi, aliyekuwa analeta chai, alicheka hadi nusu ya chai ikaishia kwenye sinia. Kaka hakucheka sana. Aliurudia ukurasa wa mwisho, akaukunja, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama makaburini siku hizi kuna nyasi.

"Zipo. Zimeota hasa."

"Twende Jumapili. Nitakuja na jembe."

Jumapili wakaenda. Walipofika langoni kaka akasimama, akapisha. "Tangulia wewe, mimi njia siijui."

Mdogo akatangulia, akitembea taratibu ili mkubwa wake asiachwe nyuma.