Ubani Katika Ghala la Chipu

Siku ya kwanza nilikwenda kazini na spana zangu mwenyewe. Mie nilifungua gereji mjini Ibra, Oman, nikiwa kijana, shule niliacha darasa la nne, na katika mkoa wote wa Sharqiyah hakuna gari iliyokufa nisiyoifufua kwa kusikiliza injini tu. Kwa hiyo kiwanda cha magari ya umeme kilipofunguliwa nje ya Nizwa, njia ya Manah, waliniita. Au niliwaomba; yote mawili yalitokea. Mudiri, yaani meneja wetu mkuu, alinisimamisha mbele ya gari mpya akaniambia nisikilize. Nikainamisha sikio. Kimya. Akasema, "Imewashwa tangu ulipoingia mlangoni." Nikazirudisha spana nyumbani.

Nyinyi vijana mnaosoma, nakuelezeni kazi ilivyokuwa. Betri hukaa chini ya sakafu ya gari, nzito kama ng'ombe. Mota ni ndogo, mtu aweza kuikumbatia. Kati ya viwili hivyo kuna kisanduku cha kuamrisha, na ndani yake zimo chipu, vijidude vyeusi vidogo kuliko kokwa ya tende, ndivyo vinavyoamua umeme uende wapi na kiasi gani. Bila chipu, gari ni kitanda cha chuma. Hizo hatuzitengenezi. Zinatoka Asia ya mbali, ndani ya mifuko iliyozibwa hewa isiingie, na kila mfuko una kadi yenye vidoa vya buluu. Unyevu ukiingia, vidoa hugeuka waridi, na chipu ikifungwa garini hivyo hivyo yaweza kufa. Hayo alinifundisha Mhandisi wa Ghala, binti wa mji wa Sur ambaye mama yake ni mtu wa Pemba. Kila asubuhi alikuwa akiniamkia, "Shikamoo, ami," kisha akinikosoa mpaka adhuhuri.

Nilipanda upesi, sifichi. Mwaka wa pili nikawa msimamizi wa mstari, pale magari yanapopita yakiongezwa kiungo baada ya kiungo. Nikaleta vijana kumi na wawili kutoka Ibra, watoto wa watu ninaosali nao, kwa dhamana ya jina langu.

Kisha chipu zikakatika. Tuliambiwa ulimwengu mzima unazigombania. Magari arobaini yakasimama uani, yamekamilika kila kitu ila akili. Mudiri akatukusanya atueleze siasa ya uchumi: nchi isitegemee mafuta peke yake, itengeneze vitu vyake, vijana wake wapate kazi. Nikamuuliza, gari hii ni ya Kiomani kwa vipi ikiwa akili yake iko Asia? Akanijibu:

"Nasor, hata mimi nililiuliza hilo wizarani. Nikaletewa kahawa."

Akaendelea kwamba wakili wa wizara, yule mkubwa anayemfuata waziri, anakuja kutukagua. Asiporidhika, oda ya serikali itakwenda kwa wanaoleta magari yaliyokwisha tengenezwa, na mstari wetu utafungwa. Waliokuja mwisho watatoka mwanzo. Waliokuja mwisho ni kumi na wawili wangu.

Alhamdulillahi, chipu zilifika siku moja kabla ya mgeni. Mhandisi alizifungia ghalani, na asubuhi, kwa kuwa alitakiwa akampokee wakili langoni, akaniachia mie ufunguo.

Nikaingia. Ghala linanuka plastiki na maboksi. Sasa mgeni mkubwa anakuja na nyumba haijafukizwa? Kwetu hata fundi wa mabomba akija hufukiziwa. Basi niliifungua mifuko yote, nikazipanga chipu juu ya sinia ili mgeni aone kwa macho yake kwamba tumezipata, nikaleta chetezo na ubani mweupe, ule mzuri, nikafukiza pembe zote nne. Na sinia nayo nikaipitishia moshi mara tatu, kwa heshima.

Wakili alipoingia alivuta pumzi, akatabasamu. Akasema kazuru viwanda vingi, lakini hiki ndicho cha kwanza kunukia kama kwa mama yake. Akainama juu ya chetezo, akazifukiza ndevu zake. Nyuma yake Mhandisi kasimama na kadi mkononi. Vidoa vyote waridi.

Alininong'oneza kwa Kiswahili, wakili asifahamu. "Ami, nani kafungua?"

"Mie."

"Kwa nini?"

"Mgeni."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. "Unyevu naweza kuuoka ukatoka," akasema. "Moshi wa ubani hakuna kitabu kilichouandika."

Mgeni alipoondoka zikaingizwa katika tanuri maalumu, moto mdogo, zikaokwa siku nzima kama biskuti. Mie nilikaa mlangoni sili wala sinywi, nikiwafikiria baba zao wale vijana na namna nitakavyowasalimu msikitini. Zikafungwa kwenye magari. Magari thelathini na saba yakaondoka. Matatu yakagoma. Ubani? Unyevu? Au chipu tatu zilikuja mbovu tangu kwao? Mhandisi alizitazama kwa hadubini wiki nzima, akasema haijulikani.

Hatta ikaja barua ya wizara: oda inaendelea, kwa kuwa wakili ameandika kwamba kiwanda kina roho ya Kiomani. Mudiri akaniita ofisini.

"Nasor, nakushukuru," akasema. "Na ufunguo ulete."

Vijana wangu wote kumi na wawili wako kazini mpaka leo. Mie magoti yalinisumbua, nikastaafu kabla ya umri, niko Ibra. Watu wananiuliza nilikiokoa kiwanda au nilikaribia kukiua, na wallahi mie mwenyewe, niliyezoea kuwajibu watu kabla hawajamaliza kuuliza, sijui. Wataalamu wa uchumi wakizungumza kwenye televisheni nawasikiliza mpaka mwisho, kila neno nalifahamu, na wakimaliza sijui wamesema nini.

Siku ya kuniaga, Mhandisi alinipa kikopo cha halwa. Ndani mlikuwa na chipu moja, katika zile tatu. Nimekiweka kabatini, nawaonyesha wageni. Na mke wangu akiwasha chetezo afukize nyumba, mie kwanza nakitoa kikopo nje.