Bakteria ya Pomboo na Kondoo wa Jirani

Miaka ile simu ya mkononi ikivaliwa kiunoni, nilikuwa kwenye foleni ya maabara ya mifugo pale Kajiado, mama mmoja alipotua chupa kwenye kaunta. Ndani mlikuwa na kipande cha ini la mbuzi wake aliyekufa.

"Andika ni kondoo za jirani zilileta ugonjwa," akasema, kidole kikigonga kaunta. "Zilionekana kwa boma yangu. Niko na mashahidi."

Daktari, mwanadada aliyerudi juzi tu kutoka masomoni ng'ambo, hakushika kalamu.

"Mama, huko nilikosoma nilipata bakteria kwa mapafu ya pomboo, mnyama wa baharini, aliyekufa ufuoni. Hakuna mtu alikuwa anaijua. Nilikaa nayo miaka miwili: inakula nini, inapenda joto gani, inafanana na gani. Nikaandika yote, nikaipa jina."

"Na ukaandika ndiyo iliua huyo mnyama?"

"Hapana. Sikuwa na ushahidi. Pengine ilikuwa mpangaji tu."

Kidole kikaacha kugonga.

"Imepatikana ndani ya maiti na haijashtakiwa?"

"Bado, mama."

Mama akaisukuma chupa mbele. "Basi pima kwanza." Akigeuka kwenda kwenye benchi, akatuambia sisi wa foleni: "Kijidudu kimepewa miaka miwili. Jirani yangu nilimpa asubuhi moja."

Foleni nzima ikacheka. Mimi sikucheka sana. Mfukoni nilikuwa na barua ya kumpelekea chifu wetu wa Kitengela, ya kumshtaki jirani kwa wizi wa kuku, na ushahidi wangu wote ulikuwa manyoya mawili mlangoni pake.