Pelagia wa Kanyenye, Aliyebaki Baada ya Matanga

Alizaliwa Puge, wilayani Nzega, mwaka 1951, katika nyumba ya wakulima Wakatoliki waliosali Kinyamwezi na kugombana Kiswahili, akabatizwa Pelagia. Aliolewa na Damas, fundi wa reli, wakahamia Kanyenye, katikati ya Tabora, mji uliozoea kupokea na kuaga watu tangu enzi za misafara. Hawakujaliwa mtoto, lakini nyumba yao haikukaukiwa watu: mara mwenye kuomba chumvi, mara mwenye kusubiri treni, na mwenye habari mpya hakukosekana.

Damas alifariki mwaka 1994. Wakati wa matanga ua ulijaa, na kila aliyeingia alimwambia mjane asilie, ni mapenzi ya Mungu. Matanga yalipoanuliwa wakaondoka wote asubuhi moja, wakamwachia majivu na masufuria ya kuazima. Pelagia hakumlaumu mtu, ila sala ilimpotea. Kanisani alikwenda kwa mazoea tu. Wiki ya Pasaka iliyofuata akasikia habari za kaburi: wanafunzi walichungulia wakarudi makwao, Maria Magdalena akabaki nje analia, na Bwana akamtokea huyo aliyebaki. Pelagia alilia pale kwenye benchi mpaka misa ikaisha, na baadaye alisimulia kwamba siku hiyo ndipo alipoacha kuona aibu kulia mbele za Mungu.

Tangu hapo akashika kazi yake. Wengine walipokuwa wanafunga mizigo waondoke msibani, yeye ndiyo kwanza anaingia. Aliosha masufuria, akayarudisha kwa wenyewe, kisha akaketi na mfiwa. Hakuhubiri. "Ukitaka kulia, lia kwanza," alikuwa akisema. "Bwana hana haraka, anakaa na sisi hapa." Wengi waliokuwa wameacha kusali walianza tena wakiwa naye, wengine kwa neno moja tu.

Lakini Kanyenye nako kuna midomo. Mwaka 2008 Recheli, mwimbaji wa kwaya ya Wamoravian, aliuliza pale bombani huyu mama anapenda nini kwenye nyumba za wafu, tena na macho yake mekundu vile. Alitania, au alidai alitania. Habari ilifika sokoni kabla ndoo yake haijajaa. Kwetu tunajua mzee mwenye macho mekundu anavyoweza kuitwa mchawi na kumalizwa kwa maneno ya namna hiyo. Mwenye nyumba aliyokuwa amepanga akamtoa Pelagia chumbani, vijana wakamrushia mawe, na mwenyekiti wa jumuiya, Silasi, akamsihi aache kwenda misibani.

Akatii kwa muda. Kisha Gerson, mume wa Recheli, akafa kwa ajali ya lori la tumbaku njiani kutoka Sikonge. Siku matanga yalipoanuliwa Pelagia alichukua kanga yake.

"Mama, pale watakuchoma moto," Silasi alimwambia.

"Watu si wameshaondoka? Nani yuko naye?"

Recheli alipomwona alifunga mlango kwa komeo. Pelagia akainama uani, akasugua masufuria huku majirani wakichungulia juu ya ukuta na vijana wale wakisimama barabarani. Alipomaliza aliketi barazani. Jua lilikuwa limeinama Recheli alipofungua.

"Mama Pelagia, mimi nimekusema mtaa mzima."

"Nilisikia. Umekula?"

Recheli akacheka, na kicheko kikageuka kilio ambacho hakikuwa kimemtoka tangu mazishi. Usiku ule aliomba wasali. Asubuhi alikwenda bombani, akawaambia wanawake wote kwamba yale maneno aliyatunga yeye, kisha akapita kuwaambia vijana. Pelagia akahamia kwake, wakaishi pamoja miaka kumi, Mkatoliki na Mmoravian, wakibishana kuhusu nyimbo.

Pelagia alifariki mwaka 2019 kwa homa ya mapafu, akazikwa Puge. Wapo wanaosema wakisali kaburini kwake uzito huwatoka kifuani. Kanisa halijatamka lolote, nasi tunasimulia tulivyosikia. Lisilo na ubishi ni hili: leo jumuiya za Kanyenye, matanga yakianuliwa, humwacha mtu mmoja nyuma. Ukiambiwa ni zamu yako, usitafute maneno ya kusema. Anza na masufuria.