Boila Iliyonyamaza

Kiwandani walimwita Mama Hakikisha. Alikuwa mtu wa kufunga mlango, akafika barabarani, akarudi kuutikisa. Wenzake walimtania kwamba hata chai huionja mara mbili kabla ya kuamini ina sukari. Hakuona haya. Alikuwa mwoga tangu utotoni, na woga huo ndio uliomfanya fundi hodari wa elektroniki.

Ndiyo maana alipewa yeye kazi ya kuitengenezea boila sikio. Vihisio vilibanwa kwenye chuma visikilize mlio wa ufa unaoanza, na chipu ya FPGA, ile ambayo fundi huipangia kazi, naye aliipanga mwenyewe, ikakusanya milio hiyo, mamilioni ya vipimo kwa sekunde. Vifikeje kwenye kompyuta? PCIe ilikuwa kadi ya kuchomekwa ndani ya kompyuta, barabara pana isiyo na foleni, lakini kazi ingesimama siku mbili. USB ilikuwa waya tu, unachomeka kwa nje umemaliza.

"Mama, waya unatosha," msimamizi alisema. "Siku mbili sina."

Mezani kwake waya ulitosha kweli, wiki nzima bila kupoteza kitu. Akakubali shingo upande. Kisha, waya ulipofungwa kwenye boila, wakubwa wakalalamika kwamba skrini inapepesa, naye akaongeza agizo fupi kwenye programu: kipimo kikipotea njiani, rudia cha mwisho. Ilikuwa dawa ya siku moja, angeiondoa kesho. Kesho ikaja na kazi zake, akasahau.

Siku ya kupandisha presha baada ya matengenezo, asubuhi kweupe, alikaa mbele ya skrini. Nyuma ya kioo, chini ya boila, mdogo wake wa mwisho alikuwa akikaza nati. Mama Hakikisha alimbeba mgongoni akiwa mchanga, na ni yeye aliyemwombea kazi hapa. Kijana akampungia spana. Kwenye skrini mchoro wa sauti ulichezacheza kama kawaida.

Msimamizi akachomeka flashi yake kwenye kompyuta ileile, anakili ripoti. Mchoro ukanyooka.

"Unaona ilivyotulia?" akasema. "Boila yako ina adabu leo."

Mama Hakikisha akaisogelea skrini. Boila yenye moto hainyamazi hata sekunde. Maji yanachemka, chuma kinatanuka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya hiki alikitengeneza yeye. Flashi, inayopita njia ileile ya USB, ilikuwa imeubana waya, vipimo vinapotea, na lile agizo lake linarudia cha mwisho na kufunika shimo. Aliogopa kusema, maana kusema ni kukiri. Akaitazama kofia ya mdogo wake, akautazama mshale wa presha unavyopanda, na hofu kubwa ikaimeza ndogo. Akabonyeza kitufe chekundu.

King'ora kikalia, watu wakatoka mbio.

"Umeona nini?" msimamizi aliuliza.

"Sijaona kitu."

"Umesimamisha kiwanda kwa sababu hujaona kitu?"

"Ndiyo. Na kosa ni langu." Akamweleza yote.

Zile siku mbili zisizokuwepo zikapatikana. Kadi ikachomekwa, agizo likafutwa, boila ikawashwa bila mtu chini yake. Mdogo wake alisimama nyuma ya kiti, amenuna, maana wenzake walimcheka kwamba dada yake anaogopa kimya.

Presha haijafika nusu, mchoro ukaruka. Ukaruka tena, na tena. Moto ulipozimwa na chuma kupoa, mafundi walimulika wakaukuta ufa kwenye ungio, moja kwa moja juu ya pale mdogo wake alipokuwa amesimama na spana yake.

Kijana alipangusa viganja kwenye suruali.

"Dada," akasema mwishowe, "lile agizo umelifuta kweli? Hebu hakikisha."

Alikuwa amelifuta. Akafungua programu, akatazama tena.