Nilikuwa Naongea na Marehemu Mume Wangu, Kumbe Ukoo Mzima Unasoma

Admin, jina langu nifichie, japo nimeshachelewa. Hapa Musoma waliobaki hawajui habari zangu ni wale wasio na bando.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, nakaa Kitaji, nashona nguo. Mume wangu alikuwa fundi wa injini za boti. Alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo, tukamzika kwao, upande wa Butiama. Tangu msiba uishe sijarudi kaburini. Si kwamba sitaki. Msibani tu, mdogo wake alikuwa ananiwekea kiti karibu na chake, na wazee wanaanza kukohoa kile kikohozi cha kuonyesha kuna jambo liko njiani. Wanataka anirithi.

Basi nikajitafutia pa kumlilia. Kwenye ukurasa wake wa mtandaoni kuna picha aliyopigwa kivukoni Kisorya, mikono imejaa grisi, anacheka huku jua linampiga machoni. Jioni nikishafunika cherehani nilikuwaga naandika pale chini ya picha. "Baba, leo mvua imeingia jikoni." "Baba, binti yako amefaulu, anauliza nani atampeleka shule." Najua amekufa, sijachanganyikiwa. Nilidhani tu picha ya zamani vile, ya mtu ambaye hayupo, nani atateremka mpaka huko chini kuitafuta?

Nikawa namwambia yote. "Mdogo wako kaja tena Jumapili. Kakalia kiti chako, soksi zake zinanuka mpaka paka katoka nje. Heri nizeeke na cherehani yangu."

Sikujua kwamba kila nikiandika, ile picha inapanda juu upya kwa marafiki zake wote, na jina langu limetangulia. Niliambiwa na mama mmoja wa kwaya, tukiwa tunafagia kanisa.

"Mama, jana hukuandika. Tukasema labda unaumwa."

"Kuandika wapi?"

"Si kwa baba. Sisi tunafuatiliaga. Ila yule wa soksi usimkubali."

Ufagio ukanitoka mkononi. Akanishika bega: "Tulidhani unajua, mwenzetu. Hatukukomenti kwa sababu tuliona ni maongezi ya watu wawili."

Shemeji naye akapiga simu kutoka Bunda. "Shemeji, kumbe hata paka wako ananiteta." Alicheka peke yake. "Hapa stendi wananiitaga Soksi. Mimi nilikuwa nakuja kwa heshima ya kaka." Sijui kama ni kweli. Nilimwonea huruma, na bado simtaki.

Ukoo ukakaa. Mama mkwe ndiye aliyetumwa kunipigia. "Mwanangu, mwezi ujao tunajengea kaburi na kuweka msalaba. Wazee wamesema ufute maneno yako yote pale kwenye picha, ndipo uje. Usipofuta, msalaba tutauweka wenyewe."

"Yote, mama?"

"Yote. Mtu atakagua." Akashusha sauti. "Hata mimi naumia. Ila na mimi nimeolewa hapa kama wewe."

Nikakaa kufuta. Soksi zimeenda, mvua imeenda, shule imeenda. Nikafika kwenye neno la kwanza kabisa, nililoandika yeye akiwa hai, siku ile ile alipoweka picha: "Unarudi lini?" Chini yake amenijibu: "Kesho, mke wangu. Nibakizie ukoko." Nikibonyeza kufuta langu, na jibu lake linaondoka nalo.

Binti yangu anasema nipige picha ya skrini nibaki nayo. Nimepiga. Lakini ile ni picha tu, hakuna mahali pa kumjibu.

Nisipofuta, mume wangu atawekewa msalaba mimi nikiwa huku Kitaji natia uzi kwenye sindano, na watu watasema hakuwa na mke. Nikifuta, nitasimama kaburini na ndugu zake, na ile "kesho" yake nitakuwa nimeifuta kwa kidole changu mwenyewe.

Ninyi mliofiwa na waume, mngekuwa mimi mngefuta? Niambieni, nasoma kila atakayeandika.