Ombi Lililofunikwa na Maua

Nilifundisha Kiingereza sekondari kule Mbozi miaka mingi. Nilipostaafu nikahamia Tunduma, nikaweka meza kwenye kibanda cha fotokopi kando ya barabara ya malori, nikawa naandikia watu barua za Kiingereza. Nilikuwa na jina. Mawakala wa forodha wenyewe waliniletea wateja, wakisema nendeni kwa madam, Kiingereza chake kinang'aa. Nami, Mungu anisamehe, nilipenda kusikia hivyo.

Barua zangu zilianzia mbali. Usinicheke. Kwetu mtu hafiki kwa mwenzake akamtupia shida mlangoni. Anakaribishwa, anaketi, anaulizwa habari za nyumbani, mvua ikoje, kahawa imezaa vipi, na shida yenyewe anaitoa anapokaribia kuinuka, kana kwamba ameikumbuka sasa hivi. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyoandika, ila kwa Kiingereza nilizidisha. Neno moja lingetosha, mimi niliweka matatu.

Jumatatu moja akaja dereva, kijana wa Mbebe. Lori lake lilikuwa limezuiwa siku ya tisa kwenye yadi moja hapo mpakani kwa ajili ya karatasi za mzigo, na kanuni ya yadi ile ilikuwa dereva haachi lori bila ruhusa ya maandishi. Pasi yake ya kusafiria na leseni vilifungiwa ofisini. Baba yake alikuwa mahututi nyumbani. Dada yake alimpigia simu kila asubuhi kumwambia mzee anauliza amefika wapi. Mbebe si mbali, ukiondoka asubuhi mchana unakula kwenu, na hilo ndilo lililomtesa. Aliniambia anazunguka lori mpaka anazijua kokoto za pale moja moja. Alitoroka kwa nusu saa kuja kwangu, mlinzi akiwa amemfumbia macho.

Alichotaka ni siku mbili tu. Lakini meneja wa yadi alitoka ng'ambo, Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyanya, na madereva hakuwaona ana kwa ana. Kila jambo lilipitia karatasi. Kijana akaniomba nimwandikie Kiingereza cha juu, kile cha kumlainisha mkubwa.

Nikamlainisha kwelikweli. Ukurasa wa kwanza wote niliusifu uongozi wa meneja, busara yake, utulivu wa yadi yake, nikamwombea afya yeye na uzao wake. Nikageuza karatasi, nikaendelea kumsifu. Mzee anayekufa nilimtaja huko nyuma, karibu na sahihi, kwa unyenyekevu mkubwa. Niliisoma mara mbili kwa sauti, nikajisikia vizuri sana.

Jumatano asubuhi mlinzi akaileta barua kibandani. Meneja alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu nyekundu kwamba ameipokea kwa shukrani, kisha neno moja peke yake: florid.

Hapa ndipo ninapojichukia. Neno nililijua, lakini nilifungua kamusi hata hivyo, nikitafuta kama lina maana nyingine ya kunisitiri. Asili yake ni ua. Husemwa juu ya maandishi au usemi uliorembwa kupita kiasi, hata juu ya jengo lililojazwa nakshi mpaka ukuta hauonekani. Mtu haliandiki kando ya kazi mbovu. Huliandika kando ya kazi ambayo mwenyewe ameihangaikia sana, halafu msomaji amechoka. Nilikuwa nimewaandikia neno hilohilo wanafunzi wangu kwenye insha zao, kwa kalamu nyekundu vilevile, nao walikuwa wakiinamisha vichwa.

Nilikasirika, nikakasirika mno. Siku nzima nilikaa na ile karatasi nikijibishana na meneja moyoni, kwamba yeye ni nani wa kunifundisha mimi Kiingereza. Sikuona kwamba hakusema ndiyo wala hapana. Kijana alipiga simu mara mbili kuuliza, nikamwambia atulie, mambo makubwa hayaendi mbio.

Alhamisi nikaenda yadini mwenyewe. Nilikwenda kutetea heshima yangu, nisidanganye. Meneja alinipokea vizuri, akaniambia hakukusudia kunivunjia adabu, ila barua ya kumpongeza ndefu namna ile alikuwa hajawahi kuipata. Nikauliza, barua ya kumpongeza? Nikaigeuza karatasi mezani kwake, nikaweka kidole chini kabisa. Alisoma, uso ukambadilika. Aliandika ruhusa palepale, mistari miwili, akaagiza kijana arudishiwe vitu vyake. Haikufika dakika tano.

Kijana aliondoka kwa bodaboda kabla ya saa sita. Mzee alikuwa amekufa alfajiri ile.

Jumatatu iliyofuata alirudi kutoka mazikoni, akaja kibandani kabla ya kwenda kwenye lori. Alinishukuru. Alisema amewaeleza ndugu zake wote kwamba mama mmoja Tunduma alimpigania, lakini yule meneja ana roho mbaya, alimkatalia makusudi mpaka mzee akaisha. Shangazi zake walimlaani meneja huyo kwa kinywa, pale pale kaburini. Ningeweza kunyamaza, naye angeondoka akinisifu mpaka leo.

"Hakukukatalia, mwanangu," nikamwambia. "Hakujua. Sikusema mapema, na aliponirudishia barua nilikaa nayo siku nzima kwa hasira zangu."

Alinitazama kama hajanielewa. Nikamweleza tena, safari hii kwa maneno machache. Niliona anahesabu Jumatatu, Jumanne, Jumatano, midomo ikicheza.

"Baba ulimweka ukurasa wa ngapi?" akauliza.

"Wa pili. Chini."

Nilitegemea anitukane, na ingekuwa nafuu kwangu. Akavuta stuli, akaketi, akauliza kama barua ile ninayo. Nilikuwa nayo kwenye mtoto wa meza. Akasema nimsomee huo ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili, wote, nisiruke kitu.

Nikaanza kusoma. Kila nilipofika kwenye sifa niliteremsha sauti, naye aliniambia sijasikia, rudia, nami nikarudia, busara ya meneja, utulivu wa yadi yake, afya ya uzao wake, mpaka ukurasa ukaisha.